Anasoma Ili Akasome

Binti yangu amemaliza sekondari, amefaulu, vyeti viko kabatini, na sasa anasoma mwaka mzima ili aruhusiwe kwenda kusoma. Msidhani nimekosea kuandika. Hapa Uingereza, anayetaka kuingia chuo kikuu cha sanaa, njia iliyozoeleka ni kupitia kwanza kwenye koleji, akae mwaka mmoja unaoitwa wa msingi, akusanye mkoba wa kazi zake, ndipo abishe hodi kwa wakubwa. Rafiki yake waliyekuwa wakikaa dawati moja yuko mwaka wa kwanza wa ufamasia. Wa kwangu yuko mwaka wa sifuri.

Hata hoja ya ada nimenyang'anywa. Anayeanza akiwa hajafika miaka 19 halipishwi, kwa hiyo lile neno ambalo mzazi hulitunza kwa siku ya ugomvi, "na fedha zangu je?", sina pa kulitumia. Nimebaki na fedha ndogondogo: mkaa wa kuchorea, karatasi, wino, gundi, nauli ya London, waya wa kuku. Waya wa kuku, nasi kuku hatufugi.

Mimi nikiudhika hutafuta wa kumlaumu, na safari hii nimewapata. Mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream ilitoa ripoti ya kupandisha hadhi masomo ya sanaa nchini humu, ikataka mwanafunzi apitie kwanza masomo ya maandalizi kabla ya kuanza diploma yenyewe. Wanakamati wakakunja karatasi zao wakaenda makwao, maandalizi yakabaki. Lakini Coldstream naye hakuliokota jambo hili njiani. Miaka ya 1950 wasanii Victor Pasmore na Richard Hamilton walikuwa tayari wanafundisha kozi ya namna hiyo kule Newcastle, na nyuma yao iko shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, ambako Johannes Itten, mwalimu mwenye upara wa kunyoa na majoho, alikuwa akianza somo kwa kuwapumuisha wanafunzi. Wavute pumzi, waishushe, ndipo wachore. Nia ya wote hawa ni moja: ulichokuja nacho kiache mlangoni, anza upya na nukta, mstari, rangi na karatasi.

Zaidi ya miaka 100 imepita na karatasi hiyo sasa ni gazeti langu. Husimuliwa kuwa Josef Albers, mwalimu mwingine wa Bauhaus, aliingia darasani na magazeti, akawagawia wanafunzi, akawaambia watengeneze kitu. Walijenga majumba, ndege, wanyama. Aliyesifiwa ni yule aliyelikunja tu likasimama lenyewe, kwa sababu kusimama hivyo ni jambo ambalo karatasi inaliweza na jiwe haliliwezi. Hadithi nzuri, naikubali. Lakini mimi gazeti langu la Jumamosi nalinunua nilisome limelala.

Na ningekwenda kulalamika kwa nani? Mji wenyewe tunaoishi ni Milton Keynes, na alama yake kubwa ni ng'ombe wa zege. Wako watatu na ndama wao watatu, waliundwa mwaka 1978 na msanii Liz Leyh, na watu husafiri kuja kuwatazama. Nilipohamia hapa niliwapiga picha nikaituma Tanga. Marehemu mzee wangu akauliza mbona malisho yote yale na hawainamishi vichwa.

Sasa sikilizeni lililoniuma hasa. Mtoto huyu alikuwa anajua kuchora. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Wale wengine wangu hawajui kuchora hata nanasi. Huyu alipokuwa bado shule ya msingi alimchora bibi yake kwa penseli, na ushungi wake ulioelemea upande mmoja, na lile jicho moja analolifumba kidogo akisikia uongo. Picha ikapelekwa Tanga ikatundikwa ukumbini. Wapo wageni walioisalimu shikamoo. Ndiyo maana aliposema anataka sanaa, mimi nilinyamaza. Nilijiambia, naam, mkono anao, akanolewe.

Wiki za mwanzo tu koleji wakamwambia mkono wake umejua mno. Ndiyo shutuma yenyewe: umejua mno! Akapewa dawa. Chora kwa mkono wa kushoto. Chora bila kutazama karatasi, macho yabaki kwa unayemchora, penseli isinyanyuke hata mara moja. Funga mkaa kwenye fimbo ndefu, tandika karatasi sakafuni, chora ukiwa umesimama. Nyumbani nikashuhudia msichana mzima, mwenye kipaji na mikono miwili, amebeba mpini wa ufagio wenye kipande cha mkaa, akimchora baba yake aliyekaa kitini amechoka baada ya zamu ya usiku ghalani. Nilitoka na pua sikioni. Kisha akamchora upya bibi yake, kwa kumtazama kwenye simu na si karatasini, na jicho moja likaishia kwenye paji la uso. Bibi alipoonyeshwa alikaa kimya kidogo, akauliza kama mtoto anapata usingizi wa kutosha.

Sababu nimeelezwa, na kwa haki nitazitaja. Wanasema mkono uliozoea hauchori kinachoonekana, unachora unachokijua: jicho huwa lozi, pua huwa pembetatu, mti huwa mti wa daftarini. Ukimnyima mtu karatasi, jicho halina pa kujificha, linalazimika kutazama. Ni hoja yenye akili. Nami nimewauliza, kupitia kwa binti yangu kwa sababu wazazi hatuna siku yetu huko, kwamba baada ya jicho kujifunza kutazama, mkono utarudishiwa lini ruhusa ya kuchora? Jibu lilikuja kwamba hilo ni swali zuri. Ukiambiwa na Mwingereza kuwa swali lako ni zuri, jua umeshajibiwa.

Kisha kuna daftari la michoro. Sisi tulisoma kwa kufuta. Mwalimu wetu alitaka daftari safi, na aliyeacha doa la wino alichapwa doa la fimbo. Huku ni kinyume. Wasahihishaji wanataka kuona safari: ulijaribu nini, kikaharibika vipi, ukafikiria nini, ukamtazama msanii gani, ukajaribu tena. Kinachoharibika hakitupwi, hubandikwa na kuandikiwa maelezo. Kwa hiyo daftari safi halitakiwi. Nimemwona kwa macho yangu akimwagia kahawa ukurasa uliokuwa hauna kosa, akauanika juu ya kipasha joto pembeni ya vifuko vya chai vilivyokwisha tumika. Vifuko hivyo navyo ni kazi. Vinakaushwa, vinapasuliwa, majani yanatolewa, karatasi yake inashonwa. Katika nyumba hii hunywi chai ukatupa kifuko mwenyewe, unakabidhi.

Mama yake alivumilia chai, akavumilia trei za mayai, akavumilia chungwa linaloota ukungu chini ya kitanda huku likipigwa picha kila asubuhi. Ameacha kabisa kufagia chumba kile, na ana ushahidi wa kumtetea. Mwaka 2004, katika jumba la sanaa la Tate Britain, mfanya usafi alichukua mfuko wa takataka akautupa, kumbe ulikuwa sehemu ya kazi ya msanii Gustav Metzger. Mimi huyo mfanya usafi namheshimu. Aliona takataka, akafanya kazi aliyoajiriwa kufanya.

Uvumilivu wa mama ulifika mwisho kwenye kanga. Ilikuwa doti aliyoinunua Mombasa. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu alilinunua kwa ajili ya jirani mmoja, na jirani huyo husoma safu hii. Binti alichukua kipande kimoja, akakichovya kwenye jasi iliyokorogwa, akakisimamisha juu ya ule waya wa kuku mpaka kikakauka. Kikawa kama mwanamke amejitanda, lakini ndani hamna mtu. Kikawekwa kwenye ujia. Mama alitoka usiku kunywa maji, na mimi nilichosikia ni bilauri tu na Ayatul Kursiy.

Asubuhi ikawa kesi. Binti akaleta wakili wake, na wakili huyo kwetu huwa ni msanii Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaletwa Uingereza akiwa mchanga, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner ya sanaa akiwa na miaka 63, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata. Tena mwaka ule ule ndipo walipoondoa sharti la kutozidi miaka 50, hivyo mlango ulifunguliwa naye akapita. Binti yangu akiukumbuka Uunguja wa Himid husimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. "Na yeye anatumia kanga, mama." Mama yake, ambaye sikujua kuwa amekuwa akisoma vile vitabu vinavyoachwa msalani, akamjibu: michoro ya Himid iliyofuata kanga ameichora mwenyewe kwa rangi juu ya karatasi, hakuingia kabatini kwa mama yake. Kesi ikaishia hapo. Lakini kanga ilipelekwa koleji, na mwalimu akaisifu kwamba inazungumza. Mama akasema ilikuwa inazungumza tangu zamani, tena kwa maandishi.

Huko koleji wana vikao. Unatundika kazi yako ukutani, unakaa kimya, na wenzako wanaijadili mbele yako kana kwamba umefariki. Mmoja anasema inamkumbusha upweke, mwingine anauliza kwa nini ni ndogo, wa tatu anasema angependa kuiona darini. Mwishoni ndipo unaruhusiwa kujitetea. Nadhani ni shule nzuri kwa mbunge. Tatizo ni kwamba kikao kimeletwa nyumbani. Jumapili moja tuko mezani, binti akatazama sinia, akainamisha kichwa, akauliza kwa upole: "Baba, unadhani pilau hii inajaribu kusema nini?" Mama yake akasema inasema osha sufuria.

Nimejaribu kumpa elimu hii shemeji yangu, fundi mwashi wa Tanga, mtu mwenye msimamo. Nilimtumia picha ya kazi ya msanii Carl Andre ya mwaka 1966: matofali 120 ya tanuri, yamepangwa sakafuni tabaka mbili, sita kwa kumi. Jumba la Tate liliyanunua mwaka 1972, na magazeti ya Uingereza yalipokuja kugutuka mwaka 1976 yalipiga kelele hadi koo likauma. Shemeji akapiga simu papo hapo.

"Shem, hayana udongo katikati?"

"Hayana."

"Hayajajengewa?"

"Yamepangwa tu."

"Na huyo fundi alilipwa kabla au baada?"

Nikamweleza na ya Martin Creed, aliyeshinda ile ile Tuzo ya Turner mwaka 2001, kwa chumba kitupu ambacho taa zake zinawaka sekunde tano na kuzimika sekunde tano. Akakabidhiwa pauni 20,000 na Madonna mwenyewe. Shemeji akasema Tanga waliwahi kuwa na kazi hiyo, tena kubwa zaidi, mji mzima, na usiku mwingine sekunde zilifika saa sita. Hakuna aliyemleta Madonna.

Lakini fundi ni mwanamume, anacheka yanakwisha. Shughuli ni dada yangu. Shangazi mtu ana haki zake, na haki ya kwanza ni kujua.

"Kaka, mtoto anasoma nini sasa?"

"Sanaa."

"Ya taarabu?"

"Hapana, za ufundi. Kuchora, kufinyanga, mambo hayo."

"Aa, kama Tingatinga! Hao wanauza."

Hapo nilitaka kunyamaza nikachukua ushindi. Lakini Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, bila mwaka wa msingi wala daftari lenye kahawa, na alipofariki mwaka 1972 alikwisha acha wanafunzi na jina linaloendelea hadi leo. Wanyama wake wanajulikana ni wanyama. Nikimwambia dada kuwa binti anafanya kama Tingatinga, siku akiletewa kanga ya jasi nitajibu nini?

"Na akimaliza anakuwa nani?"

"Akimaliza anaingia chuo."

Dada alivuta pumzi ambayo Johannes Itten angeipenda.

Tangu hapo nimejiwekea jibu rasmi, nawagawia na wazazi wenzangu bure. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere, akaja London miaka ya 1950 kusoma chuo cha sanaa cha Slade, akarudi kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, akaletwa London kuwa balozi wetu. Mchoraji! Nikimaliza kusema hivyo dada hunyamaza, na mimi humalizia kwa sauti ya chini kwamba Slade ni kati ya vyuo alivyoomba binti.

Na huko kuomba kwenyewe ndiko lalamiko langu lisilo na mzaha. Masomo ya mwaka wa msingi huanza Septemba. Vijana wanazungushwa kwanza kwenye vitengo: nguo, uchapaji, udongo, kamera. Wanachagua njia, huyu ubunifu wa mavazi, yule uhuishaji, wa kwangu sanaa tupu. Kabla rangi haijakauka, Januari imefika na maombi ya vyuo yanafungwa. Kwa hiyo mwaka huu wa kujitafuta, wa kuharibu bila woga, wa kuacha unachokijua mlangoni, hudumu hadi Krismasi. Baada ya hapo ni kuuza ulichopata. Kijana aliyeambiwa Oktoba asahau kuchora anaulizwa Februari yeye ni msanii wa namna gani. Kama kweli wanaamini katika kupotea, wangewapa vijana muda wa kutosha kupotea.

Siku ya usaili nilimsindikiza, kwa sababu mkoba wa saizi ya A1 una urefu wa kumzidi nusu ya mtu, na mji wetu barabara zake zimenyooshwa ili upepo usipate taabu. Tulivuka daraja la stesheni kama watu wawili wanaotaka kuruka. Huko chuoni wazee wawili waliufungua mkoba, binti alinisimulia, wakazipita haraka zile kazi kubwa zilizokamilika, wakalivamia daftari. Ukurasa wa kahawa waliukawia. Bibi wa jicho la paji la uso walimkawia zaidi. Wakamuuliza maonyesho gani ameyaona karibuni, anasoma nini, na kwa nini kanga. Hapo kwenye kwa nini kanga alizungumza mpaka wakamkumbusha muda. Mimi nilikuwa mkahawani nje, nakunywa chai ya bei ambayo ingestahili kutundikwa ukutani.

Amepata nafasi, kwa sharti kwamba afaulu mwaka wa sifuri. Chuo hicho kina ada, zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka, na mimi nikafumbua kinywa kwa furaha nilitoe lile neno langu lililokaa akiba. Akaniwahi: "Baba, mkopo ni wangu mimi."

Himid asipotosha, wakili wake wa akiba ni mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaja Uingereza mwaka 1971 akikusudia michoro ya biashara, akapitia mwaka wa msingi kule Cambridge, akaishia kwenye udongo. Mwaka 2020 akatunukiwa heshima ya kuitwa Dame. Vyungu vyake hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na vinang'aa kwa kusuguliwa, si kwa kupakwa. Huyu sina ugomvi naye hata kidogo. Nimeviona vyungu vyake, nami nikajua bila kusomewa karatasi ya ukutani kwamba ni vyungu, tena kwamba sijapata kuona vyungu kama vile.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwaka wa msingi hauwafundishi kuchora. Unawafundisha kutazama, kujitetea na kutoona haya, na katika hayo matatu wa kwangu amefuzu hata hashikiki tena. Hilo nawapa. Ila walimu, nawaomba: kati ya mikono ya kushoto na fimbo za mkaa, wapeni Ijumaa moja wachore mtu akafanana. Kuna ukuta Tanga unasubiri picha ya pili, na bibi mwenye ukuta huo hazidi kuwa kijana.

Maonyesho ya mwisho ni Juni, koleji, kiingilio bure, na wazazi tunaruhusiwa kuleta wageni. Njooni kwa wingi, mtamwona binti na kanga yake. Ila mkiona kiti kitupu, ulizeni kwanza kabla hamjakaa.